Marcelina na Kitabu cha Mwalimu Masolwa

Marcelina alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na tatu, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilitaja jambo hili kwa majivuno. Siku hizi nalitaja kwa sababu bila hilo mengine yote yasingetokea.

Mwaka wa sabini na tano watu wazima wa nchi nzima walikuwa darasani. Sisi wafanyakazi wa maktaba tuliagizwa kila mmoja achukue darasa la kisomo, nami nikapewa la mtaa wa Isevya, mjini Tabora, jioni tatu kwa wiki. Wanafunzi wangu walibanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia kidevu, wakiimba silabi. Marcelina alikaa nyuma na bintiye Eustadia, mtoto wa miaka sita ambaye alijua kusoma kabla ya mama yake na wala hakulificha. Marcelina alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, vidole vyake vimegeuka rangi kwa kuchambua tumbaku. Nilipofundisha herufi mpya wenzake waliinakili tu. Yeye alitaka kwanza aambiwe jina la mtu linaloanza na herufi hiyo. Tulipofika kwenye N akaniomba nimwandikie Nyamizi. Nikaandika. Alilinakili mara tatu, polepole, kisha akaniambia kuwa ni jina la marehemu mama yake.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeshasikia kwa wengine kwamba alitoka Itundwe, kijiji kilichokuwa upande wa Sikonge, kando ya njia ya zamani ya misafara, na kwamba mama yake alifariki katika operesheni ya kuhamia vijiji vipya, mwaka uliotangulia. Aliungua. Mume wa Marcelina alibaki kijiji kipya, akaoa mke mwingine. Marcelina akachukua mtoto wake akaja mjini. Wakati ule Tabora ilikuwa na watu wengi wenye habari kama hizo, na kutouliza ilikuwa ndiyo adabu. Angalau sisi tuliita adabu.

Alifaulu mtihani wa kisomo vizuri sana. Maktaba yetu ilipotafuta mtu wa usafi nikampeleka yeye, akapata kazi. Ilikuwa maktaba ndogo, chini ya ghorofa moja karibu na stesheni, jengo ambalo lilikuwa la mzee Akbar, muuza vitambaa, mpaka lilipotaifishwa mwaka wa sabini na moja. Ndugu zake wote waliondoka nchini. Mzee Akbar alikataa, akabaki na binti yake Parin katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Parin alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwa na kinyongo cha wazi. Alikuwa mwanachama wa kwanza wa kikundi chetu cha wasomaji, na kila tulipokutana alikaa kwenye dirisha lile lile, katika chumba ambacho zamani baba yake alikuwa akikunjulia kanga.

Kikundi kilikutana Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, saa tisa alasiri. Tulikuwa kumi na wawili hivi: walimu, manesi, makarani wa reli, na Yahaya fundi cherehani ambaye alisoma kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Silasi, aliyekuwa akifundisha siasa sekondari; mtu mwenye sauti nzuri, aliyeamini kwa dhati kila alichokisema. Mimi, Yoramu, nilikuwa katibu. Marcelina mwanzoni alikuwa akituletea chai. Baadaye akawa anakaa kwenye benchi la mlangoni baada ya kugawa vikombe. Mwisho akaniomba naye awe anaazima vitabu tunavyovizungumzia. Alisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na katika miaka miwili nadhani alizungumza mara tatu.

Mwaka wa sabini na nane tukapokea nakala tano za riwaya mpya, *Moto Aliouwasha*. Tuliipokea kama ndugu aliyerudi na shahada, maana mwandishi alikuwa mtu wa kwetu, Raymundi Masolwa, aliyewahi kufundisha shule za huku vijijini kabla ya kupandishwa cheo na kwenda kufanya kazi Dodoma. Hatukuwa na desturi ya kuona jina la mtu tunayemjua kwenye jalada.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kijiji cha kale kilichotawanyika porini kinatakiwa kuhamia kijiji kipya chenye kisima, zahanati na shule. Wote wanakubali, isipokuwa mwanamke mmoja, Bibi Kalunde, mwenye kilinge chake na mizimu yake. Mwalimu kijana anamwendea mara kwa mara kumwelimisha, naye anamjibu kwa mafumbo na vichekesho. Siku ya kuhama, Bibi Kalunde anawafungulia mbuzi wake, anaingia ndani ya msonge, anauchoma kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu anaruka ndani ya moto kumtoa. Bibi anafia mikononi mwake akisema, "Afadhali majivu yangu kuliko ukuta wenu."

Mkutano wa kwanza kukizungumza kitabu hicho ulikuwa na vurugu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Mwalimu Silasi alisema hapo sasa tumepata kitabu, kwamba mwandishi ameonyesha bila kupepesa macho kuwa adui wetu mkubwa si mkoloni tena bali ni ujinga, na kwamba Bibi Kalunde ni ujinga wenyewe umevaa kaniki. Parin akasema Mwalimu amekisoma kitabu juu chini. Alisema mwenye akili peke yake katika kitabu kizima ni Bibi Kalunde, kwa sababu wengine wote wanakubali kuhamishwa kama mizigo, na yeye anachagua. Alikuwa amepiga mstari chini ya yale maneno ya mwisho, kwa penseli, kwenye kitabu cha maktaba, jambo ambalo asingelifanya kamwe siku nyingine. Aliyasoma kwa sauti, akitazama dari. Kila mtu chumbani alijua anazungumzia pia ghorofa lililokuwa juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Watu wakagawanyika. Manesi walikuwa upande wa Silasi, makarani upande wa Parin. Ili kutuliza mambo, Mwalimu Silasi akatukumbusha sehemu za kuchekesha. Akasimulia jinsi Bibi Kalunde alivyowapa mbuzi wake majina ya siku walizozaliwa, akawa anazunguka porini akiwaita Jumanne na Jumapili, na jinsi alivyomchapa Ijumaa mbele ya shehe. Tukacheka sote.

Marcelina alikuwa ameinua birika kumwongezea Yahaya chai. Aliliweka chini. Watu walipoondoka aliniomba nakala moja, nikampa ile aliyorudisha Parin.

Alikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, kabla sijafungua milango, alinifuata kwenye rafu za nyuma na kitabu kimefunguliwa, kidole kipo kwenye mstari.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Nilimwambia anaweza kusoma mwenyewe. Akasema anajua anaweza, anataka kulisikia kwa kinywa cha mtu mwingine. Nikasoma. Ilikuwa sehemu ya Bibi Kalunde kuwasha moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu, ndipo akanieleza, amesimama, ufagio ameuegemeza ukutani.

Masolwa alikuwa mwalimu wa Itundwe. Watoto walikuwa wakimpelekea maji nyumbani kwake na Nyamizi alikuwa akimpelekea asali, kwa sababu alikuwa kijana asiye na mke. Mbuzi wa Nyamizi ndio waliokuwa na majina ya siku. Hakuwa na kilinge. Alikuwa Mkatoliki, amebatizwa Agatha, ila jina hilo hakuna aliyelitumia. Wala hakukataa kuhama. Aliomba siku tatu ahamishe mtama wake, kwa sababu vihenge vilikuwa vimejaa na lori lilikuwa limekuja mara moja tu. Watu wa operesheni wakasema hakuna siku tatu. Wakawatoa watu nje, wakaanza kuchoma mapaa kutoka mwisho wa kijiji, mtu asije akarudi. Mbuzi mmoja, Alhamisi, alikuwa amezaa usiku uliotangulia na alikuwa amefungwa ndani. Nyamizi alilisema hilo. Alilisema mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Kijana wa mgambo akawasha kiberiti hata hivyo, na Nyamizi akaingia kumfungua mbuzi, na paa likaanguka.

Walimtoa wanaume wawili wa kijijini. Mwalimu Masolwa alikuwa pale pale amesimama na daftari la majina, akiweka alama kwa kila kaya iliyopanda lori. Ni kweli kwamba baadaye alimfunga Nyamizi bandeji za sanduku la huduma ya kwanza la shule. Marcelina hakumnyima hilo. Nyamizi aliishi siku mbili kijiji kipya, mahali ambapo hapakuwa na kisima wala zahanati bali vigingi vyenye namba, amelazwa chini ya maturubai. Aliuliza kama Alhamisi katoka. Wakamwambia katoka. Hakuwa ametoka.

"Hayo ya majivu hakuyasema," Marcelina akaniambia. "Mama hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo."

Nilimwambia pole. Nikamwambia pia kwamba riwaya huwa ni ya kubuni. Akaniuliza kubuni maana yake nini. Nikamwambia ni kutunga jambo ambalo halikutokea. Akasema kama ni hivyo basi Mwalimu Masolwa angebuni na mbuzi.

Mkutano uliofuata aliomba kusema. Mwalimu Silasi alimruhusu kwa furaha. Alipenda sana kuona wahitimu wa kisomo wakichangia. Marcelina alisimama akaeleza kama alivyonieleza mimi, kwa mpangilio ule ule, bila kulia. Alipomaliza alikaa. Yahaya alikuwa ameinamisha kichwa. Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa mabehewa, vyuma vikigongana.

Mwalimu Silasi alisema pole ya kweli. Halafu akasema kwamba makosa ya utekelezaji yalikuwapo, viongozi wenyewe wamekiri, lakini tusichanganye makosa ya watu wachache na somo la kitabu. Akamuuliza Marcelina alikuwa umbali gani na nyumba. Akamuuliza kama kulikuwa na moshi. Aliuliza kwa upole, na ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu ya upole huo. Marcelina akajibu kwamba alikuwa mbali kama kutoka pale hadi mlangoni, na kwamba ndiyo, palikuwa na moshi.

Nilidhani upande wa Parin utamuunga mkono. Parin aliinuka kweli, akaenda akakaa naye kwenye benchi, akamshika mkono, na machozi yalikuwa yakimtoka. Lakini aliyoyasema nayakumbuka neno kwa neno.

"Marcelina, dada yangu, usimwondolee kiberiti. Ukimwondolea kiberiti umemwondolea kila kitu. Anabaki mtu aliyeonewa tu."

"Ndivyo alivyokuwa," Marcelina akasema. "Mtu aliyeonewa tu."

Parin hakuachia mkono, lakini nilimwona akitazama ile nakala yenye mstari wa penseli kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Ndipo nilipoelewa kwamba pande zote mbili, zilizokuwa zimegombana mwezi mzima, zilikuwa zinamhitaji yule bibi awe amewasha moto. Silasi alimhitaji ili awe mjinga. Parin alimhitaji ili awe shujaa. Nyamizi mwenye mtama wake na mbuzi wake aliyezaa hakuwa na kazi yoyote kwetu.

Mwalimu Silasi akatoa wazo kwamba mwandishi mwenyewe aalikwe. Nikaandika barua. Masolwa alijibu haraka kwamba angepita Tabora mwezi wa tisa akienda kwao Bukene, na angefurahi.

Siku aliyokuja tulikuwa karibu watu hamsini. Wengine walisimama kati ya rafu. Alikuwa amenenepa kidogo, suti ya Kaunda ya kijivu, miwani, na alizungumza vizuri, kwa unyenyekevu, juu ya jinsi alivyoipenda nchi hii ya misitu na nyuki na jinsi watu wake walivyomfundisha kuliko alivyowafundisha. Watu wakapiga makofi. Wakauliza maswali ya kawaida, alianza lini kuandika, anaandika saa ngapi. Marcelina alisimama mwisho. Siku hiyo alivaa kitenge cha kwendea kanisani badala ya koti la kazi.

"Habari za tangu Itundwe, mwalimu?"

Nilikuwa nimekaa kando ya Masolwa. Niliona kabisa alivyomtambua, na niliona mkono wake ulivyotafuta glasi ya maji.

"Nzuri, mama. Za siku nyingi."

"Nina swali moja. Kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani?"

Masolwa alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alisema kwamba hilo ni swali zuri sana. Alisema mwandishi huokota kitu hapa na kitu pale, akakichanganya, na kwamba msomaji asitafute mtu fulani ndani ya riwaya kwa sababu hatampata. Alisema Bibi Kalunde ni akina mama wote. Alizungumza dakika kama tano. Marcelina alibaki amesimama muda wote huo, na Masolwa alipomaliza akasema asante mwalimu, akaenda nje kuanua matambara aliyokuwa ameyafua asubuhi. Watu wakapiga makofi tena.

Nilimsindikiza mgeni hadi langoni pa nyumba ya kulala wageni. Hapo akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba yule mama alikuwa anasema kweli tupu. Alisema aliandika kwanza kama ilivyokuwa, kurasa arobaini, na mtu mmoja aliyemwamini akazisoma akamshauri azichome. Akazichoma. "Ningefanyaje, ndugu yangu?" akasema. "Nilitaka angalau akumbukwe." Nikamwambia namwelewa. Na nilikuwa namwelewa kweli, hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake nikaandika muhtasari wa mkutano. Kila muhtasari tulikuwa tukiupiga chapa na kuubandika kwenye ubao wa matangazo, na nakala moja kuipeleka ofisini kwa wakubwa wa mkoa. Nilikaa muda mrefu mbele ya mashine. Nilikuwa na mke na watoto wanne, na sikutaka nakala ile inayokwenda ofisini iwe na neno mgambo ndani yake. Hatimaye nikaandika: *Ndugu Marcelina aliuliza swali kuhusu mazingira ya hadithi. Lilijibiwa.*

Nilisahau kwamba anayefuta vumbi kwenye ubao ule ni yeye, na kwamba nilimfundisha kusoma.

Alinikuta nikipanga kadi. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakunionyesha. Aliniuliza tu, "Mwalimu, lilijibiwaje?" Nikamwambia muhtasari lazima uwe mfupi. Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaendelea na kazi. Maneno ya Masolwa pale langoni sikumwambia. Kila siku nilijiambia nitamwambia wiki ijayo.

Mwezi mmoja baadaye alikuja na daftari la shule, la Eustadia, lenye kurasa za mwisho zilizobaki tupu. Hazikuwa tupu tena. Alikuwa ameandika kurasa kumi na moja kwa penseli, kwa herufi kubwa, akianza na jina la mama yake na jina la baba wa mama yake, halafu idadi ya vihenge, halafu majina ya mbuzi wote saba. Lori lilikuwa limeandikwa rori. Alisema anataka liwekwe kwenye rafu, kando ya kile kitabu kingine, ili anayeazima kile aazime na hili. Nikamweleza kwamba vitabu vya maktaba vina utaratibu, vinakuja na namba, kwamba mimi ni msaidizi tu. Yote hayo yalikuwa kweli. Akaniuliza kama namba ni kitu kigumu kuandika. Nikamwambia si kigumu kuandika. Akalichukua daftari lake akaondoka nalo, na hakulitaja tena.

Kikundi hakikudumu. Yahaya hakurudi baada ya siku ile ya mgeni. Nilimkuta dukani kwake, akaniambia macho yanamsumbua, na mbele yake palikuwa na gazeti amelifungua. Parin na baba yake waliondoka mwaka wa themanini, vita vya Uganda vilipokuwa vimekwisha na maduka hayana kitu. Mzee Akbar hakutaka hata dakika ya mwisho. Walimpakia kwenye treni kama mtoto. Parin alikuja kuniaga. Alitaka kununua ile nakala yenye mstari wake. Nikamwambia haiuzwi, na yeye akacheka kidogo kisha akaichukua tu, akaiweka kwenye mkoba, na mimi sikumzuia.

*Moto Aliouwasha* kikawa kitabu cha sekondari. Tuliletewa nakala thelathini kwa mpigo. Marcelina ndiye aliyefungua maboksi, kwa sababu ndiyo kazi yake, na ndiye aliyevipangusa vumbi na kuvipanga. Wanafunzi walikuja kwa makundi kuviazima, wakakaa mezani wakiwacheka mbuzi.

Mwaka wa themanini na nne Eustadia alikuwa kidato cha pili. Alikuwa msichana hodari, wa kwanza au wa pili darasani kila muhula. Siku moja alipitia maktaba kumsubiri mama yake na karatasi zake za mtihani wa Kiswahili, amepata tisini na moja, nikamwomba nizione kwa ajili ya kumpongeza. Swali la nne lilikuwa: *Kwa nini Bibi Kalunde alichoma nyumba yake? Toa sababu tatu.* Alikuwa ametoa sababu tatu, kwa mwandiko mzuri. Ushirikina. Kutopenda maendeleo. Kukosa elimu. Amepata alama zote.

Marcelina alikuja akifuta mikono, akaichukua karatasi, akaisoma kwa kidole chake. Eustadia alitazama dirishani. Siku ile ya moto alikuwa na miaka mitano na alikuwa mgongoni kwa mjomba wake, na anakumbuka.

"Ningeandika vingine ningekosa, mama," akasema.

"Ungekosa," Marcelina akasema. "Umeandika vizuri."

Mwisho wa mwaka huo aliacha kazi. Kaka yake alikuwa amepata shamba Bukene akamwita. Tulimfanyia sherehe ndogo ya chai, na Mwalimu Silasi, ambaye sasa alikuwa mkuu wa shule, alikuja akatoa hotuba kuhusu mafanikio ya kisomo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nikienda Mwanza kumzika shemeji yangu, treni ikachelewa njiani kama kawaida, tukafika Bukene jua limeshapanda. Wanawake walikuwa wakitembea kando ya mabehewa na karanga za kuchemsha kwenye beseni, na mmoja wao alikuwa yeye. Nilishuka. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Eustadia alikuwa chuo cha ualimu. Atafundisha Kiswahili.

Sijui kwa nini nilichagua pale. Nilimwambia aliyoniambia Masolwa langoni, kwamba anakiri, kwamba aliandika ukweli kwanza akauchoma. Nilitegemea atakasirika au ataona afadhali. Akasema alijua. Alilijua siku ile ile, alipomwona akifuta miwani. Kisha akaniuliza kwa nini nimemwambia sasa, na hakunisukuma nijibu.

Nilimuuliza kama lile daftari lipo. Akasema mchwa wamelila, na kwamba halikuwa jambo kubwa.

"Kuna lingine linalonisumbua," akasema. Aliteremsha beseni kutoka kichwani akaliweka chini. "Siku hizi nikimkumbuka mama, simsikii tena alivyokuwa akisema. Namsikia yule wa kitabu. Najua si yeye. Lakini yeye mwenyewe nimempoteza."

Abiria mmoja alimwita kutoka dirisha la behewa la mbele akitaka karanga. Marcelina akajitwisha beseni, akaniambia nisalimie nyumbani, akaenda.